Nyumba Isiyo na Usiku

Mama Reveriani alitoa uamuzi wake asubuhi, amesimama sebuleni na mjukuu mgongoni, mkoba umeshafungwa. Hakuwa na ugomvi na mtu. Mtoto alikuwa amelia tangu jua kuzama mpaka majogoo, usiku wa kwanza na wa pili, na yeye bibi yake hakupata hata lepe la usingizi.

"Nyumba yako haina usiku, Baba Advera," alisema. "Mtoto hakui mahali pasipo na usiku. Narudi naye Ulyankulu."

Gerson, baba wa mtoto, hakubisha, kwa sababu maneno yale yalikuwa ya kweli. Madirisha ya vyumba vya kulala yalitazama ua wa jirani yake, Mzee Ngassa, mwuza mbao, na Mzee Ngassa alikuwa amesimamisha nguzo yenye taa ya ulinzi iliyomwaga mwanga mweupe ukutani hadi mtu aliweza kuona mistari ya saruji kati ya tofali na tofali. Mapazia ya maua yaliyokuwepo yalizuia mwanga huo kama chujio la chai linavyozuia maji.

Hiyo ilikuwa Agosti. Mkewe, Veneranda, alikuwa amefariki Machi, siku aliyomzaa Advera, kwa damu iliyokataa kukata. Baada ya maziko mama yake Veneranda, ndiye huyu Mama Reveriani, alimchukua mtoto akaenda naye Ulyankulu, kwenye mashamba ya tumbaku ambako ukoo wao ulitulia zamani ulipotoka Burundi. Hakuna aliyesema mtoto si wa Gerson. Mahari ilikuwa imekwisha, ndoa ilifungwa kanisani, na kwa mila za pande zote mbili Advera alikuwa mtoto wa Gerson. Lakini mila hainyonyeshi. Walikubaliana kwamba akianza kula uji atarudishwa Tabora kwa baba yake, alimradi pawe na mtu wa kumshika. Mtu huyo alipatikana: shangazi yake Gerson, Asnath, mjane kutoka Ziba, alikuja na mikeka yake na kuku wake akahamia. Kilichoshindikana ni usiku.

Kabla ya kupanda bajaji, Mama Reveriani alisema neno la mwisho. Atamleta mtoto mara moja tena, Oktoba, kabla ya mvua. Mvua ikianza yeye atakuwa shambani akihamisha miche, na barabara ya Ulyankulu inajulikana. Mtoto akilala, atamwacha. Asipolala, atakaa Ulyankulu mpaka umri wa shule.

"Na wakati huo," alisema bila ubaya, "atakuwa amenizoea mimi. Wewe utakuwa mgeni anayeleta sukari."

Bajaji ilipoondoka Gerson alisimama getini akajaribu kujua anasikia nini juu ya jambo hilo. Hakukuta kitu. Alijua tu kwamba lilikuwa kweli, kama mtu anavyojua kwamba treni iliyokwisha kuondoka haipo stesheni.

Kazi yake ilikuwa uteuzi wa tumbaku. Msimu wa soko mzima, tangu wiki chache baada ya maziko, alikuwa amepita vyama vya msingi vya wakulima, robota baada ya robota, akivuta majani, akiyatazama kwenye mwanga, akitaja daraja. Hakuna mkulima aliyelalamika kwamba mwaka ule ameonewa au amependelewa. Watu walimsifu kwa ujasiri. Haukuwa ujasiri. Jani lilikuwa na rangi, rangi ilikuwa na daraja, na mtu aliyelitaja hakuhitajika kuwa na kitu kingine chochote ndani yake.

Alianza na jirani. Mzee Ngassa alimpokea vizuri, akamkalisha juu ya gogo la mninga, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "taa ile ndiyo mlinzi pekee niliyewahi kuwa naye asiyelala wala asiyeniomba ruhusa ya kwenda msibani kwao. Niliigeuza mwaka jana kwa ajili ya mgonjwa wa nyumba ya pili. Kesho yake mbao zangu zilikuwa zimehama."

"Hata kidogo tu, mzee?"

"Kidogo ndivyo nilivyoigeuza." Akampiga begani. "Weka pazia zito. Na Mungu akutunzie huyo binti."

Fundi Lukumani alikuwa na kibanda cha mapazia mtaa wa Ng'ambo, cherehani mlangoni na ukuta mzima wa vitambaa nyuma yake.

"Karibu, bosi. Sebule au chumbani? Kama ni sebule kuna hii ya dhahabu. Mgeni akiiona anakaa mwenyewe bila kukaribishwa."

"Nataka kisichopitisha mwanga."

"Blakauti! Si useme. Hii hapa, mzigo wa Kariakoo, nzito kama dhambi."

Gerson alitoa simu, akawasha tochi, akaiweka nyuma ya kitambaa. Duara jekundu lilitokeza upande wa pili.

"Kinapitisha."

"Bosi, umeigusisha! Nani atakuja kugusisha tochi kwenye dirisha lako?"

"Jirani."

Lukumani alicheka, akashusha robota lingine. La pili lilipitisha kidogo zaidi ya la kwanza, ingawa lilikuwa zito zaidi. Uzito, Gerson aliona, haukuwa kipimo. La tatu lilikuwa la rangi ya kijivu isiyopendeza, mgongo wake umepakwa kitu cheupe kama mpira. Tochi ilipowekwa nyuma yake kitambaa kilibaki kama ukuta.

"Hicho."

"Hicho wananunua wa hoteli. Sawa. Nikutilie ringi, kiteleze kwenye bomba?"

"Ringi zinaacha nafasi juu. Na la kuviringisha linaacha nafasi pembeni. Nataka kifunike dirisha pamoja na fremu yake, kishikwe pande zote nne na ule mkanda wa kunata, wa viatu vya watoto. Na ukikunja upindo, sindano itatoboa."

"Sindano ndiyo kazi yake, bosi. Isiyotoboa ni kijiti."

"Matundu yatapitisha mwanga. Uyazibe kwa gundi na ukanda mwingine juu."

Lukumani aliondoa miwani. "Niambie ukweli. Unafungua studio ya kusafisha picha? Maana siku hizi picha ziko kwenye simu."

"Ni chumba cha mtoto."

"Mtoto! Mtoto gani anaogopa mwanga? Wangu wanalala sokoni mchana, juu ya magunia ya mchele wa Igunga, redio inawaimbia masikioni. Na mama yake anasemaje kuhusu kijivu hiki? Wanawake wanataka maua."

"Alifariki."

Mguu wa Lukumani ulitoka kwenye kanyagio. "Pole sana, kaka. Pole."

"Nimeshapoa," alisema Gerson, maana ndivyo mtu anavyojibu.

Fundi alizishona pindo polepole na kuziba kila mshono kwa mikono yake mwenyewe, bila mzaha tena. Gerson angependa mizaha iendelee. Ilikuwa haimdai kitu.

Kulifunga pazia hakukuwa kazi ngumu. Fremu ya dirisha alikuwa ameipima kabla ya kwenda kwa fundi, juu, katikati na chini, kwa sababu mafundi wa ukuta hukosea na vipimo vitatu havikulingana, akatumia kile kikubwa. Nondo za dirisha zilikuwa kwa ndani, zimetokeza mbele ya fremu, kwa hiyo alipigilia kuzunguka dirisha lote ubao mwembamba uliozipita nondo, akaupaka rangi nyeusi, akabandika mkanda wa kunata juu yake. Shangazi Asnath alishika ngazi na kutoa maoni.

"Kule Ziba tulikuwa tunatundika kanga."

"Kanga inapitisha."

"Ndiyo, na watoto walikua. Wewe mwenyewe ulilala chini ya kanga. Lakini sijasoma, endelea."

Pazia liliposhikana, alifunga mlango akafanya kama wakulima wanavyofanya na bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, kabla ya kulijaza. Bani bovu linavujisha joto, na jani linaharibika. Kwa hiyo mtu huingia bani tupu saa sita mchana, hufunga mlango, husimama mpaka macho yazoee giza. Kila ufa hujitaja wenyewe kwa mwanga. Anauweka alama, anatoka, anakanda udongo, anaziba. Gerson alikuwa amewafundisha mamia ya watu jambo hilo.

Chumba kilikuwa na nyufa nyingi kuliko alivyodhani. Chini ya mlango. Tundu la ufunguo. Kona ya dari ambako ubao ulikuwa umepinda. Na juu ya dirisha, yale matofali yenye matundu ambayo kila nyumba ya Tabora inayo: ya kwake yalionyesha safu nzima ya nukta nyeupe. Aliziba yote. Mlangoni aliweka sponji, darini gundi, na juu ya matofali yale akapigilia ubao na kuuzungushia ukanda mweusi. Akaingia tena, akafunga, akasimama. Aliinua mkono mbele ya uso wake, hakuuona. Alikaa humo muda mrefu ili awe na hakika.

Asnath aligonga mlango. "Umo? Toka, bwana. Umekaa ndani kama mwali."

Alipotoka, shangazi alimtazama kifuani. "Umemwagiwa maji?"

Gerson aliangalia shati lake. Lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. "Hapana," alisema, akaenda kubadili.

Mama Reveriani alifika siku iliyopangwa, vumbi la njia nzima kwenye kilemba chake, Advera amelala mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Advera. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo."

"Huyu amelala safari nzima, nyimbo za basi zinapigwa, mbuzi analia chini ya kiti. Kwa hiyo usiniambie ni mtoto mbaya."

"Nani kasema ni mbaya?" Asnath alitoka jikoni akifuta mikono. "Lete mjukuu wangu, mkwe. Umemtwisha mgongo siku nzima kama debe."

"Mgongo huu umembeba mama yake pia."

"Basi upumzike. Wa kwangu haujabeba kitu tangu nifike hapa ila ngazi ya mwanao."

Walicheka, wakapokezana mtoto. Advera alikuwa amenenepa. Alimtazama Gerson kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, kisha akaangalia pembeni.

Jioni, mara taa ya Mzee Ngassa ilipowaka, Mama Reveriani alimpeleka mtoto chumbani. Alisimama kizingitini kwanza. Nje ya dirisha palikuwa peupe kama uwanja wa mpira. Ndani hapakuwa na kitu. Alitoa sauti ndogo ya kukubali, akaingia, akafunga. Walimsikia akibembeleza kwa Kirundi, hora, hora, nyamaza, nyamaza, kisha kimya.

Asnath alimwonyesha Gerson dole gumba. Gerson alikaa sebuleni akasubiri. Kazi ilikuwa safi. Hakuwa na sababu ya kudhani haitafanya ilichotengenezewa.

Hawakuwa wamemaliza kula mtoto alipoanza. Kilikuwa kilio kikali, kisichopumzika. Mlango ulifunguliwa, Mama Reveriani akatoka naye mikononi. Nywele za mtoto zilikuwa zimegandamana kichwani, kifulana kimelowa. Bibi alimvua pale pale kwenye kochi, akampepea kwa upande wa kanga, na Asnath akaleta maji.

"Baba Advera," alisema Mama Reveriani bila kuinua macho. "Ingia kule ndani."

Gerson aliingia. Mama mkwe alimfuata mpaka kizingitini akasimama hapo.

"Niambie unasikia nini."

"Hakuna mwanga," alisema Gerson.

"Sikuulizi unaona nini."

"Hakuna sauti pia."

"Joto, baba. Husikii joto?"

Alijaribu. Ukuta ule ulikuwa wa magharibi, ulipigwa na jua la Oktoba mchana kutwa. Juu palikuwa na bati. Dirisha lilikuwa limefunikwa, matundu ya hewa yamezibwa, chini ya mlango pamezibwa. "Lazima lipo," alisema.

"Sikuulizi kama lazima."

Gerson aliutazama tena ukuta.

"Umejenga bani," alisema mama mkwe. "Bani zuri, marehemu mume wangu hakuwahi kujenga lisilovuja hivi. Sasa unataka kumkausha mtoto?"

Asnath aliguna kule sebuleni, nusu kicheko, akakimeza. Gerson aliona kosa lake mara moja, lote, na aliona pia lilipoanzia. Hata bani lina madirisha ya hewa, chini na juu. Alikuwa akiwafundisha watu hilo pia. Na alikuwa amesimama ndani ya chumba hiki saa sita mchana akatoka amelowa, na hata alipolitazama shati hakuuliza kwa nini.

"Tangu lini husikii?" aliuliza Mama Reveriani. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Tangu Machi."

"Hata maji ya moto? Hata njaa?"

"Nakula saa ikifika."

"Mimi nalia jikoni," alisema. "Moshi unanisitiri, wajukuu hawajui. Wewe huna hata moshi." Kisha: "Huyu mtoto akishikwa na homa, wewe utajuaje?"

"Nitampima."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa kipimajoto."

"Kipimajoto hakijiamshi."

"Mimi naamka, mama. Silali sana."

Mama mkwe alirudi kwa mtoto. Usiku ule bibi na mjukuu walilala sebuleni juu ya mkeka, taa ya jirani ikiwamulika kupitia mapazia ya maua, na asubuhi macho ya wote wawili yalikuwa mekundu. Basi la Ulyankulu lilikuwa la kesho yake. Gerson alijua bado ana siku moja, na alijua pia kwamba swali halikuwa tena dirisha peke yake.

Alianza kazi kabla ya chai. Aliung'oa ule ubao juu ya matofali ya hewa. Badala yake alitengeneza kisanduku cha ubao kisicho na mgongo, wazi upande wa juu, akakipaka nyeusi ndani na kukipachika mbele ya matundu, ili hewa iingie, ipande, igeuke, ishuke chumbani. Hewa inajua kukata kona, mwanga haujui. Mlango aliubandua kwenye bawaba zake, akaulaza uani, akakata kipande cha chini kwa msumeno.

"Mlango wa mninga!" Asnath alilia. "Unaukata kwa ajili ya binadamu asiyejua hata kusimama!"

"Atasimama," alisema Mama Reveriani. Alikuwa amekuja kushika ubao bila kuombwa. Alishika kama mtu aliyejenga mabani mengi, uzito kwenye nyonga, kidole kikionyesha mahali pa msumari. "Hapa. Si hapo, hapo pana fundo."

Walifanya kazi hivyo mpaka jua likapanda. Alipokuwa akibandika kipande cha kitambaa chini ya mlango, kama pazia fupi lililoacha hewa ya ukumbini ipite, mama mkwe alianza kuzungumza, bila kumtazama.

"Veneranda alikuwa analala banini. Miezi ya kukausha, mimi na baba yake tulikesha tukichochea tanuru, na yeye hakutaka kubaki nyumbani. Tulimwekea gunia nyuma ya mlango. Alikuwa anatoka asubuhi ananuka tumbaku hadi mwalimu wake akatuita shule."

Gerson alisimamisha nyundo. "Hakuniambia."

"Angekuambiaje? Alikuwa anakuona msomi."

Alilipokea jambo hilo, akaliweka pamoja na mengine aliyoyajua juu ya mkewe. Akapigilia msumari uliobaki.

Kisha akaleta kipimajoto, kile chenye kioo kirefu alichozoea kwenda nacho mabanini, akakitundika ukutani juu ya kitanda cha mtoto. Mama Reveriani alikitazama.

"Sawa," alisema. "Sasa sikiliza. Usiku ni rahisi, usiku kuna ubaridi. Mtihani ni mchana, jua likiwa limeuegemea ukuta huu. Akila mchana huu, utaingia naye wewe. Sisi wawili hatuingii."

"Mimi ndiye nitakayelala naye," Asnath alisema. "Ndiyo maana niliacha nyumba yangu."

"Najua, mkwe. Lakini wewe sina wasiwasi na wewe."

Advera alikula uji, akakipiga kijiko teke, akaanza kusugua macho. Bibi yake alimweka mikononi mwa Gerson kama mtu anavyokabidhi chungu. Gerson aliingia, mlango ukafungwa nyuma yake, na giza likawa kamili.

Mtoto alilia. Haikuwa mikono aliyoizoea. Gerson alitembea naye kutoka ukuta mpaka ukuta, akigusa kitanda kwa goti kila alipofika. Hakuwa na wimbo. Alijikuta anataja madaraja ya tumbaku, polepole, kwa sauti ya sokoni iliyoshushwa, kwa kuwa ndiyo maneno aliyoweza kuyasema bila kufikiri. Yalichukua muda. Mwishowe kichwa cha mtoto kilianguka begani mwake, kikawa kizito. Alimlaza, akakaa sakafuni kando ya kitanda.

Jua lilikuwa limefika ukutani. Alijua kwa saa. Ulikuwa wakati wa kukisoma kipimajoto, akainua macho, na hapo ndipo alipotambua kwamba hakioni. Alikuwa ameondoa mwanga wote, na pamoja nao kipimo chake. Simu ilikuwa mfukoni, aliigusa. Tochi ingemwamsha mtoto. Kufungua mlango kungemwamsha mtoto, na nje walikuwa wamekaa wanawake wawili wanaosubiri mlango ufunguliwe.

Alisubiri, akitafuta njia nyingine. Haikuwepo. Akapitisha mkono kati ya fito za kitanda, akapapasa godoro, akaupata mguu, akaufuata mpaka mgongoni, mpaka shingoni chini ya nywele. Akauacha mkono hapo.

Mwanzoni haukumwambia kitu. Ngozi ni ngozi. Kisha alifanya kama anavyofanya na jani ambalo rangi yake haijulikani, ambalo huwezi kulitaja mpaka uweke pembeni yake jani unalolijua: alishika shingo yake mwenyewe kwa mkono wa pili. Ya kwake ilikuwa imelowa. Ya mtoto ilikuwa na unyevu kidogo tu, lakini kwenye mkunjo wa chini palikuwa na jasho, na palikuwa na moto. Aliondoa shuka. Alimgeuza ubavu, uso upande ambao hewa ilishuka kutoka kwenye kisanduku. Alijua upande huo kwa sababu sasa, upande mmoja wa mkono wake, palikuwa na ubaridi.

Akarudisha mkono shingoni, akasubiri. Baada ya muda palikauka. Hakuutoa mkono. Mtoto alipumua, alikohoa mara moja, alipumua. Moto wa shingo ile ulikuwa wa kawaida, alihukumu, ingawa hakuwa na namba ya kuupa.

Advera alilala mpaka jua lilipouacha ukuta. Alipoamka hakulia, alizungumza peke yake gizani, maneno yasiyo na mwanzo. Gerson alimchukua akafungua mlango.

Wanawake walikuwa wamekaa ukumbini, bakuli la mchele wa kuchagua katikati yao. Mchele ulikuwa haujaguswa.

"Tulidhani mmekufa wote," alisema Asnath.

Mama Reveriani alimpokea mtoto, akapitisha kidole nyuma ya shingo yake, akaangalia kidole. "Kipimo kilisema nini?"

"Sikukisoma, mama. Palikuwa na giza."

"Sasa ulijuaje?"

"Nilimshika."

Mama Reveriani aliutazama mkono wa mkwewe. Kisha akaanza kueleza. Uji wa ulezi unamfunga choo. Wa mahindi ni sawa, ukitiwa karanga kidogo. Maji ya kuoga yasiwe ya moto kupita kiwiko. Akitoa meno anauma, asipigwe. Akilia na kukunja miguu ni tumbo, akilia na kunyoosha miguu ni hasira, aachwe.

"Mimi nimelea saba," Asnath alisema.

"Simwambii wewe."

Gerson alisikiliza yote, akayarudia kwa mpangilio. Alikosea mahali pamoja, kwenye karanga, akasahihishwa.

Usiku ule Asnath alilala chumbani na mtoto, na nyumba ilikuwa kimya. Asubuhi Mama Reveriani alifunga mkoba wake, mwepesi kuliko ulivyokuja. Hakutaka kusindikizwa. Alisubiri mpaka mtoto alipopata usingizi wake wa asubuhi, akasimama mlangoni pa kile chumba, hakuingia.

"Asinione naondoka," alimwambia Gerson kwa sauti ya chini. "Kaa naye humo. Shangazi yako atanifungulia geti."

"Safari njema, mama. Asante."

"Nitakuja mvua zikiisha. Nitamkuta ananikataa, na itakuwa vizuri."

Gerson aliingia akafunga mlango. Kupitia upenyo wa chini alisikia ndara za mama mkwe ukumbini, Asnath akimtania kuhusu mzigo, geti, bajaji ikiwaka, ikienda, ikipotea upande wa stendi. Alisubiri kuona kama kitu kingemjia. Hakikuja, au kilikuja kidogo mno kwa mtu aliyezoea kuhesabu. Alipapasa fito za kitanda akapitisha mkono, akaupata mgongo mdogo ukipanda na kushuka. Mtoto akiamka atamtafuta bibi yake, na hatamwona. Atalia sana, pengine mchana wote. Gerson alikaa sakafuni, mkono ukiwa pale, akamngoja aamke.